Mafuta ya Kongoro

Niliiharibu bunduki ya babu yangu Desemba 2004, na niliiharibu kwa nia njema. Nilikuwa na miaka 12, nimekuja Busunzu kwa likizo. Babu alikuwa amekwenda msibani kijiji cha pili, akaniachia kazi moja tu: kufukuza ngedere kwenye mahindi yaliyoanza kubeba. Hakuniachia bunduki. Aliniachia debe la kupiga na fimbo. Bunduki niliitoa mwenyewe juu ya dari, ilikolala ndani ya gunia.

Ilikuwa bunduki ya upepo, ya springi, ile ya kukunja mtutu. Nilipoikunja ililia kama mlango wa kanisa. Nikaona huruma. Nikakimbia kwenye mashine ya kusaga, nikaomba oili chafu kwenye kifuniko cha chupa, nikarudi na kuimimina yote kwenye kitundu kilicho nyuma ya mtutu. Kisha nikaweka risasi, nikalenga mti, nikafyatua.

Bunduki ile, ikiwa nzima, husema "paf", kama mtu anayekung'uta shuka. Siku hiyo ililipuka. Mlio ulikwenda hadi ng'ambo ya bonde ukarudi. Moshi wa bluu ukatoka mdomoni mwa mtutu, harufu ya oili iliyoungua ikanijaa puani. Nilifurahi mno. Nikafyatua tena, ikalipuka tena, lakini safari hii nilisikia kitu kikikatika ndani yake, *kach*, kama mfupa wa kuku.

Ndipo nilipogeuka na kuwaona majirani. Mama mmoja alikuwa amelala kifudifudi kwenye mtaro wa mihogo, amemfunika mtoto wake kwa mwili. Wengine walikuwa wanakimbilia migombani. Katika Kibondo ya miaka ile, mlio wa bunduki mchana kweupe haukuwa mchezo wa mtoto aliyekuja likizo.

Babu alirudi jioni, habari zikiwa zimemtangulia. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba bila kunitazama. Aliichukua bunduki, akaukunja mtutu polepole, akanusa. Nilisubiri fimbo. Akasema tu, "Umeifanya dizeli." Kisha akaenda kwa yule mama kuomba radhi kwa niaba yangu, nami nikiwa nyuma yake.

*

Kesho yake alinipeleka kwenye mashine ya kusaga. Injini yake ilikuwa Lister ya zamani, yenye gurudumu zito la kuzungusha kwa mkono. Babu akaniuliza, "Plagi yake iko wapi?" Nikaitafuta, sikuiona. Pikipiki ina plagi ya kutoa cheche, lakini injini ya dizeli haina. Akanieleza kwamba injini ile huibana hewa kwa ghafla mpaka hewa inakuwa ya moto, na mafuta yakirushwa ndani ya hewa hiyo yanawaka yenyewe. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Rudolf Diesel alipewa hati ya ubunifu wake mwaka 1893, na injini yake ikafaulu majaribio katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Jina lake sisi tumelifanya jina la mafuta, lakini kilichokuwa chake hasa ni wazo hili: ukiibana hewa vya kutosha, huhitaji kiberiti.

Bunduki ya springi hufanya kazi kwa wazo hilohilo. Unapoukunja mtutu, mkono wa chuma ulio chini yake huisukuma pistoni nyuma na kuibana springi kubwa, mpaka ndoano ya mtambo iikamate. Ukivuta kifyatulio, ndoano inaachia, springi inaisukuma pistoni mbele kwa nguvu, na hewa iliyo mbele yake inabanwa katika nafasi ndogo. Hewa hiyo haina pa kutokea isipokuwa kile kitundu cha nyuma ya mtutu. Hapo inakutana na risasi na kuisukuma. Kwa hiyo hewa haitunzwi popote ndani ya bunduki. Inatengenezwa upya kila unapofyatua, na kwa sehemu ndogo ya sekunde inakuwa ya moto sana.

Sasa weka oili ya injini katika nafasi hiyo. Oili inapata hewa ya moto, inawaka, inalipuka. Risasi inatoka kwa kasi zaidi, na mtoto wa miaka 12 anadhani ameitibu bunduki. Kumbe mlipuko unairudisha pistoni nyuma wakati springi bado inaisukuma mbele. Kinachoumia ni springi, na ile washa ya ngozi iliyo kichwani mwa pistoni inaungua. Ndiyo maana watu wanaozijua bunduki hizi hukataza oili ya gari, mafuta ya taa na dawa za kupuliza za kulegeza nati mbele ya pistoni. Nyuma ya pistoni, kwenye springi yenyewe, grisi nzito inafaa, kwa sababu hupunguza mtikisiko na kelele. Kwenye bolti ya kiungo cha mtutu, grisi kidogo. Nje, kitambaa chenye oili nyepesi, hasa masika, na hasa baada ya kushikwa na mikono yenye jasho. Mbele ya pistoni hali ni nyingine kabisa, na hapo ndipo nilipokosea.

"Mafuta si mafuta tu," Babu alisema. "Kila mahali na mafuta yake."

*

Neno bunduki lilitujia kutoka Kiarabu. Asili yake inayotajwa mara nyingi ni *bunduq*, aina ya njugu, na baadaye kitonge kidogo cha kurusha kilichofanana na njugu hiyo. Neno lilianza kwa kile kinachorushwa, likaishia kwa kinachorusha. Nasi katika Kiswahili tuna risasi, neno moja kwa madini na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu. Kwa hesabu hiyo, kile kitu cha babu, chenye kurusha vitonge vya risasi vya milimita 5.5, kilikuwa bunduki kuliko bunduki nyingine zote.

Lakini Uha haikuijua bunduki kwa njia ya ndege na ngedere. Iliijua kwa misafara. Mwishoni mwa mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipita katika nchi ya Waha akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Alikuwa na watu wenye bunduki, lakini kila alipofika kwa mtawala wa Kiha alidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Alilipa, akalipa tena, akalalamika kwa kurasa kadhaa, na mwishowe aliwaongoza watu wake kupita usiku kwa kunyata ili asidaiwe zaidi. Walipokaribia Ujiji ndipo bunduki zikafyatuliwa hewani kwa mbwembwe, kuutangazia mji kwamba mgeni amefika. Nilipoisoma habari hiyo chuoni nilicheka peke yangu. Bunduki zilizonyamaza Uha zilipata sauti Ujiji.

Hata bunduki ya upepo ina historia ya namna hiyo. Mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za upepo zilizobuniwa na Girardoni. Zilitunza hewa iliyobanwa ndani ya kitako cha chuma, na zilipiga mara nyingi bila kujazwa upya. Moja ya bunduki za upepo za zama hizo ilikwenda na msafara wa Lewis na Clark kuvuka Amerika kati ya 1803 na 1806. Kila walipokutana na wenyeji, waliitoa na kuifyatua mbele yao ili washangae. Kazi yake kubwa katika safari ile ilikuwa kuonwa.

Kisha likaja swali la nani aruhusiwe kuwa na nini. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya utumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu kuhusu silaha. Katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zenye mifuo ndani ya mtutu na zinazojazwa kwa nyuma zilizuiwa kuingia, isipokuwa kwa masharti makali. Bunduki za zamani za gumegume, zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliachiwa mlango mwembamba. Uha iko ndani ya nyuzi hizo. Mkataba ulizungumza juu ya kuwalinda watu wasikamatwe utumwani, na silaha kweli zilikuwa zimewasaidia wakamataji. Lakini miaka hiyohiyo mataifa yaliyotia saini yalikuwa yanaigawana Afrika, na askari wao hawakubeba gumegume.

Nadhani hapa ndipo penye sehemu ya jibu la swali ambalo watu wa mjini huniuliza: kwa nini vijijini bado kuna magobore, bunduki za kushindilia kwa mbele, katika karne ya 21? Teknolojia haikuzeeka yenyewe mikononi mwa watu. Kwanza mkataba, kisha sheria za Wajerumani, kisha za Waingereza, ziliamua kwamba mwananchi wa kawaida akipata bunduki, basi iwe ya nyuma kwa karne moja. Wahunzi wakajifunza kuzitengeneza na kuzitunza hizohizo.

*

Mwaka huohuo wa 1890, katika mji wa Rastatt nchini Ujerumani, Jakob Mayer na Josef Grammelspacher walianzisha kiwanda. Haukupita muda wakaanza kutengeneza bunduki za upepo, na jina la biashara lililowapa umaarufu ni Diana, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi. Katika nembo yao Diana ameinua bunduki ya upepo juu ya kichwa chake, na upinde wake ameutupa. Uingereza nako, kuanzia mwaka 1905, kampuni ya BSA ya Birmingham, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa baiskeli, ilitengeneza bunduki za aina hiyo. Ziliuzwa kwa vijana wa Ulaya kama vitu vya kujifunzia shabaha.

Bunduki ya babu ilikuwa Diana. Jina hilo lilisomeka juu ya silinda, limefifia kwa kupanguswa. Lakini chini yake paliandikwa kwa Kiingereza kwamba imetengenezwa Uingereza. Kwa miaka mingi niliamini ni bandia, mpaka nilipojua kisa chake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, washindi walichukua mitambo ya kiwanda cha Rastatt, na mitambo hiyo pamoja na jina la Diana vikaishia kwa kampuni ya Millard Brothers huko Scotland. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na Diana za Waskoti, wakati Wajerumani waliolianzisha jina hilo walilazimika kuuza bunduki zao Uingereza kwa jina lingine. Walilipata tena jina lao mwaka 1984.

Mtoto wa Kigoma hawezi kukisikia kisa hicho bila kukumbuka kingine. Meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la *Graf von Goetzen*, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaundwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Leo tunaiita Liemba. Kitu kilikuwa cha Mjerumani, vita ikapita, kikawa cha Mwingereza, na waliokitumia miaka yote ni sisi.

Babu aliipata Diana yake Tanga. Alikuwa mmoja wa maelfu ya Waha waliokwenda kukata mkonge. SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua wa mashamba hayo iliyoanzishwa mwaka 1944, ilifika hadi Kasulu na Kibondo kutafuta watu, na watu hao wakaitwa manamba, kwa namba walizopewa. Babu alianza kama mkataji, akaishia jikoni kwa fundi mkuu wa mitambo, Mzungu aliyependa kulenga makopo jioni. Mzungu huyo alipofungasha baada ya Uhuru, alimwachia babu sufuria mbili, koti moja na ile bunduki. Babu alikuwa akisema kwamba sufuria zilimaliza kazi yake mapema, koti likaliwa na nondo, na bunduki ikabaki kwa sababu ndiyo peke yake iliyokuja na maelekezo.

Maelekezo yalikuwa haya, na nilikaririshwa baada ya kosa langu. Usiifyatue bila risasi, kwa sababu risasi ndiyo inayoizuia hewa kwa kitambo, na hewa hiyo ndiyo mto wa pistoni. Bila mto, chuma kinagonga chuma. Usiiache imekokiwa, kwa sababu springi huchoka kama mtu aliyechuchumaa. Usivute kifyatulio mtutu ukiwa wazi, kwa sababu utajifunga kwa nguvu na kukata vidole au kupinda. Usimwelekezee mtu hata ikiwa tupu, kwa sababu jicho halina spea. Na ngozi isikauke.

*

Ngozi ndiyo moyo wa bunduki za umri ule. Bunduki mpya zina washa za plastiki ngumu, ambazo hazitaki mafuta mengi. Tone moja la mafuta ya silikoni, ambayo hayawaki upesi, linaweza kutosha kwa muda mrefu. Lakini Diana ya babu ilikuwa na washa ya ngozi yenye umbo la kikombe. Ngozi ikilainika, hujitanua na kuziba silinda, hewa haipiti pembeni. Ikikauka, husinyaa na kupasuka, na bunduki hukohoa tu. Kwa hiyo ngozi inahitaji mafuta, lakini kwa matone, na yawe mafuta ambayo ngozi inayanywa badala ya kuyaacha yaelee.

Mafundi wa Uingereza walitumia mafuta ya miguu ya ng'ombe. Yule Mzungu wa Tanga alikuwa na kopo lake. Kopo lilipoisha, miaka ya 1960, babu hakuwa na duka la kuliulizia Kibondo. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa jikoni. Alijua kongoro. Alichukua miguu ya ng'ombe machinjioni, akaiondoa kwato, akaichemsha usiku kucha kwa moto mdogo, akaiacha ipoe, akakwangua mafuta ya juu, akayachemsha tena kuondoa maji, akayachuja kwa kitambaa. Supu tulikunywa. Mafuta yakaingia chupani.

Ukiangalia chupa hiyo ungeona ajabu moja. Mafuta ya mgongoni mwa ng'ombe huganda yakipoa. Mafuta ya miguuni hubaki ya maji, hata asubuhi za baridi za milima yetu. Sababu ni kwamba miguu ya mnyama huwa na baridi kuliko tumbo lake, na mafuta yaliyomo humo yameumbwa yasigande kwenye baridi hiyo. Babu hakuwahi kunieleza hivyo. Yeye alisema, "Ng'ombe hukanyaga umande." Ni maelezo yaleyale kwa maneno machache.

Matone mawili au matatu kwenye kile kitundu, bunduki isimamishwe kwa kitako chake usiku mzima ili mafuta yashuke kwenye ngozi, na asubuhi mtutu upanguswe. Mara moja kwa msimu. Basi.

Siku chache baada ya kosa langu, tuliifungua. Hii ndiyo kazi niliyoiogopa kuliko zote, kwa sababu springi hukaa ndani imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokiwa, na ukilegeza kizuizi chake ovyo inaruka na kumpiga mtu usoni. Wenye vifaa hutumia jiliwa refu. Babu aliitumia fremu ya mlango, uzito wa baba mdogo na blanketi lililokunjwa. Springi ilitoka polepole, na ilikuwa vipande viwili. Washa ilikuwa nyeusi kama mkaa.

Washa tuliitengeneza upya. Fundi viatu wa sokoni alitupa kipande cha ngozi nene ya soli. Babu aliiloweka, akaishindilia ndani ya kipande cha bomba ili ichukue umbo la kikombe, akaiacha ikauke siku tatu, akaikata kingo kwa wembe, akainywesha mafuta ya kongoro. Springi hatukuipata. Babu aliirudisha ileile, vipande viwili vikifuatana ndani ya silinda, na grisi juu yake. Ilifanya kazi. Ilisema "paf" ya uzee, na risasi iliyowahi kumuangusha hua mtini sasa iligonga debe na kuanguka chini yake. Ngedere wakalijua hilo mapema.

Nilimwomba msamaha mara nyingi kuliko alivyotaka kusikia. Mara ya mwisho alisema, "Mjukuu wangu, bora imepungua."

Nilichelewa kumwelewa.

*

Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuja kwetu. Kanembwa, Mtendeli, Nduta, yalikuwa majina ya mahali tu, yakawa majina ya kambi. Wengi mno walikuja na godoro, sufuria na mtoto mgongoni. Lakini vita jirani haiji na sufuria peke yake. Silaha za kivita nazo zilivuka, zikauzwa, zikaazimwa, na miaka hiyo ujambazi wa bunduki ukawa sehemu ya maisha ya barabara zetu. Watu walijifunza kuitofautisha milio: gobore, bastola, na ile nyingine inayofuatana. Ndiyo maana yule mama alilala mtaroni. Hakuwa na muda wa kujua kwamba ni mtoto na oili chafu.

Babu alikuwa na kibali cha bunduki yake, karatasi yenye mihuri mingi kuliko cheti chake cha ndoa. Mwaka 1996 aliipeleka kituo cha polisi mwenyewe na kuomba ihifadhiwe. Aliona kwamba mtu mwenye bunduki ndani, hata ya ndege, anamkaribisha mwenye bunduki ya watu. Kabla ya kuipeleka aliipaka grisi kila mahali, nje na ndani ya mtutu, mpaka ikateleza kama kambale. Bibi alimcheka. Alimuuliza kama anaipeleka polisi au anaipeleka sokoni.

Nimewaza sana juu ya grisi ile, kwa sababu ya Liemba. Mwishoni mwa Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokuwa yanaikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha meli yao wenyewe. Wahandisi watatu waliokuja nayo kutoka Papenburg walipewa kazi hiyo. Kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake grisi nzito. Kisha wakaishusha chini ya maji tarehe 26 Julai, karibu na mdomo wa Malagarasi, mto uleule unaopokea maji ya mito mingi ya wilaya yetu. Waingereza waliiinua mwaka 1924 na kukuta mitambo inafaa kutengenezwa. Mei 1927 ilirudi kazini.

Watu husimulia kisa hicho kama hila ya vita, kwamba Wajerumani walitumaini kurudi na kuichukua. Huenda. Mimi naona pia mafundi watatu ambao hawakuweza kuiacha mashine waliyoiunda ikifa kavu. Aliyekuja kuifaidi hakuwa wao. Grisi haiulizi.

Babu aliirudishiwa bunduki yake hali ilipotulia kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliifuta grisi kwa siku mbili, akainywesha ngozi. Nami mwaka 2004 nikaifanya dizeli. Aprili ya mwaka huohuo, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikuwa zimetia saini jijini Nairobi itifaki ya kudhibiti silaha ndogo na nyepesi. Yaani Mwafrika ametoka kuandikiwa sheria za bunduki Brussels hadi kujiandikia mwenyewe Nairobi, na mara hii sababu yake aliijua kwa masikio yake.

*

Babu alifariki mwaka 2017. Baada ya arobaini, wanafamilia walikaa kugawana: shamba, migomba, mizinga ya nyuki, redio. Bunduki ilibaki mwisho. Kibali kilikuwa cha jina lake, na kibali hakirithiwi kama migomba. Baba mdogo alitaka tuiache darini kimya kimya. "Kidude cha kufukuzia ndege," alisema. "Springi yenyewe imevunjika. Nani atakiuliza?"

Shangazi hakuwa mtu wa maneno mengi. Nyumba yake ilivunjwa na majambazi mwaka 1998, na alielekezewa mtutu kifuani kwa muda ambao hajawahi kutuambia ni mrefu kiasi gani. "Usiku ule," alisema, "sikuuliza kama springi yake ni nzima."

Hakuna aliyeongeza neno. Nikapewa kazi ya kuipeleka, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiua nusu.

Usiku wa kuamkia safari niliishusha. Niliipangusa vumbi, nikaweka matone matatu ya mafuta ya kongoro kwenye kitundu, nikaisimamisha kwa kitako chake ukutani. Asubuhi niliupangusa mtutu, nikatia grisi kwenye kiungo, nikaipaka nyingine nje, juu ya jina la Diana na juu ya maneno ya Uingereza, mpaka yasisomeke. Nikaifunga ndani ya gunia lilelile, na kibali ndani ya mfuko wa plastiki.

Askari aliyeipokea alikuwa kijana wa rika langu. Aliifungua gunia, mikono ikamteleza. Akaangalia vidole vyake, kisha akaniangalia mimi. "Kaka, mbona umeipaka mafuta yote haya? Hizi huwa zinakwenda kuteketezwa."

Nilimwambia kwamba mwenyewe hakuwahi kuikabidhi ikiwa kavu.

Alitikisa kichwa, akaandika kwenye daftari, akanipa karatasi nitie saini. Nilipofika nyumbani nilikuta shangazi ameshusha chupa ya mafuta ya kongoro kutoka darini. Ilikuwa imebaki robo. Aliuliza kama yanafaa kwa bawaba za mlango. Nikamwambia grisi ingefaa zaidi, haya ni ya ngozi. Akafikiri, akaenda kuchukua viatu vya babu.